Dozi gani humaliza nguvu za seli ya moyo? Tupime ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hatua kwa hatua

Doksorubisini ni dawa ya saratani inayojulikana kwa kuudhuru moyo. Ndiyo maana madaktari hujumlisha dozi zote alizowahi kupewa mgonjwa na kuingiwa na wasiwasi zikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Sisi tutaitazama ndani ya sahani ya vishimo 96, kwa seli za H9c2 zilizotokana na moyo wa kiinitete cha panya.

Hatua ya 1. Panda seli 5,000 kwa kila kishimo. Vishimo vya pembezoni vijaze maji tu, kwani hukauka upesi na kuvuruga hesabu.

Hatua ya 2. Hapa wengi huteleza. Seli zikilishwa glukosi nyingi hujitengenezea ATP bila kuitegemea sana mitokondria, kinu cha nishati cha seli, hivyo unaweza kuilemaza na usione kitu. Nusu ya sahani ipe glukosi. Nusu ya pili iondolee glukosi, uipe galaktosi ya milimola 10. Acha seli zizoee kwa saa 24.

Hatua ya 3. Vaa glavu. Chukua mikrolita 10 za dawa ya milimola 10 iliyoyeyushwa ndani ya DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa), changanya na mikrolita 20 za DMSO tupu. Rudia hivyo kwa kila mchanganyiko mpya mpaka uwe na vichupa vitano, pamoja na kile cha kwanza. Kutoka kila kichupa tia mikrolita 1 kwenye mililita 1 ya chakula cha seli: utapata mikromola 10, 3.3, 1.1, 0.37 na 0.12, zote zikiwa na DMSO 0.1%. Vishimo visivyo na dawa navyo vipate DMSO hiyohiyo. Mimi niliwahi kuzimua dawa moja kwa moja kwenye chakula, mchoro ukatoka mzuri ajabu. Kumbe DMSO ilikuwa inapanda pamoja na dawa! Wiki mbili zikaenda na maji.

Hatua ya 4. Wape seli chakula hicho chenye dawa, kisha soma sahani moja baada ya saa 6, nyingine baada ya saa 24. Iache ipoe dakika 30, ongeza kimiminika cha kupimia ATP chenye lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli kinachotumia ATP kutoa mwanga, tikisa, subiri dakika 10, pima mwanga.

Hatua ya 5. Kwenye sahani pacha pima protini, kisha gawanya ATP kwa protini hiyo. Usihesabu viini kwa rangi ya Hoechst: dawa hii nyekundu nayo hung'ang'ania DNA na kung'aa.

Chora ATP dhidi ya dozi. Mstari wa galaktosi ukishuka kwenye dozi ndogo huku wa glukosi umetulia, mitokondria ndiyo iliyoguswa. Ikishuka yote miwili pamoja na protini, seli zinakufa tu. Rudi kwenye saa 6 na dozi za chini.