Somo: Kuchagua na Kufunga Mtandio kwa Kufuata Majira

Anayetanguliza rangi anaponunua mtandio hujikuta na vitambaa vingi asivyoweza kuvivaa mchana wa Januari. Ndiyo maana somo hili, linalohusu zaidi wakazi wa Pwani, linaanza na kitambaa.

Hatua ya kwanza: kitambue kitambaa. Wapo wauzaji wanaoita pamba kila kilicho laini. Ukishanunua, chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome mbali na nguo: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, na hariri halisi hunuka nywele zilizoungua. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, pamba nyepesi ndiyo ya kutegemewa kwa sababu hufyonza jasho, ilhali poliesta hailifyonzi, nalo hubaki kwenye ngozi ya kichwa. Masika yakiingia, iweke kando pamba nzito, kwani hukawia kukauka na hupata uvundo. Upepo wa kusi nao huinua ncha za shifoni, kile kitambaa chembamba na chepesi. Miezi hiyo ya kusi ninapendekeza jezi, yaani kitambaa laini kinachovutika, ambacho hushika kichwa hata kwa pini chache.

Hatua ya pili: tazama vazi. Dera lenye maua makubwa lataka mtandio wa rangi moja, nayo iwe miongoni mwa rangi za maua hayo. Buibui jeusi hupokea karibu kila rangi. Kwa suti ya ofisini, ncha ziingizwe ndani ya koti.

Hatua ya tatu: funga. Vaa kofia ya ndani ya pamba, hasa kama mtandio ni wa shifoni, kwa kuwa huonyesha nywele na huteleza. Tandaza mtandio kichwani, upande mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, uubane chini ya kidevu. Pitisha upande mrefu kifuani hadi bega la pili, uuzungushe nyuma ya kichwa, kisha uubane juu ya sikio.

Maswali ya wanachama

Shikamoo, mwalimu. Ninaishi Njombe, na baridi ya Julai ni kali. Je, sufu yafaa kichwani?

Marahaba, mwanangu. Yafaa, lakini sufu huwasha ikigusa ngozi. Funga mtandio wa jezi kwanza, shali ya sufu ije juu yake au mabegani.

Dada, nywele zangu za mbele zinakatika. Je, ni mtandio?

Huenda ni namna unavyoufunga, mdogo wangu. Kofia ya ndani inayobana huvuta nywele za kwenye paji kila siku mpaka zikakatika. Tafuta iliyolegea kidogo, usifunike nywele zikiwa mbichi, na ukifika nyumbani uzifungue zipate hewa.

Mwalimu, pini zinatoboa mtandio wangu wa hariri. Nifanyeje?

Tumia pini za sumaku, ambazo hushika kitambaa bila kukitoboa. Ufue kwa mkono katika maji baridi, usiukamue kwa kuusokota, na uuanike kivulini.