Jinsi ya kupima watazamaji wa matangazo yanayojibizana: Mac dhidi ya PC

Vipimo vingi vya matangazo ya wapinzani huharibiwa na swali moja: "Lipi limekupendeza zaidi?" Mtazamaji hutaja lililomchekesha, na mpimaji anaandika kwamba kampuni ile imeshinda. Lakini mtu anaweza kucheka tangazo la huyu akaondoka na jina la yule kichwani. Anaweza pia kulichukia tangazo na bado akakubali hoja yake kuhusu bei. Kwa hiyo pima mambo manne, kila moja peke yake: alichokumbuka, jina la kampuni aliloambatanisha na alichokumbuka, hoja aliyoielewa, na anavyojiona yeye mwenyewe baada ya kutazama.

Hatua zilizoelezwa hapa zinahitaji watu 32, chumba kimoja, saa moja na robo kwa kila kundi, na simu ya dakika tano kesho yake. Mfano wetu ni ugomvi wa Apple, watengenezaji wa kompyuta za Mac, na Microsoft, wenye programu ya Windows inayoendesha kompyuta zinazoitwa PC hapa, kwa sababu umekwisha na kila upande ulimjibu mwenzake waziwazi.

Kampeni ya Apple ya "Get a Mac" ilianza Mei 2006 ikaisha Oktoba 2009. Nchini Marekani yalirushwa matangazo 66, karibu yote yakiwa na sura ile ile: ukuta mweupe, Justin Long aliyevaa kivivu akiwa Mac, na John Hodgman mwenye suti na miwani akiwa PC. Microsoft walinyamaza muda mrefu. Septemba 2008 wakaja na kampeni iliyotengewa dola milioni 300. Matangazo mawili ya mwanzo yalikuwa ya Bill Gates na mchekeshaji Jerry Seinfeld. Yaliondolewa baada ya wiki mbili hivi, na nafasi yake ikachukuliwa na "I'm a PC". Machi 2009 ikafuata "Laptop Hunters", ambamo mnunuzi anapewa fedha, na akipata kompyuta inayomfaa ndani ya kiasi hicho anabaki nayo. Lauren, wa kwanza kuonyeshwa, alipewa dola 1,000. Anaingia duka la Apple, anatoka akisema hana mvuto wa kutosha kuwa mtu wa Mac, kisha ananunua HP ya inchi 17 kwa dola 699.99.

Kuandaa mkanda

Chagua matangazo manne tu, mawili kila upande. Yanayofaa ni haya:

A – "Security" (Apple): mlinzi mwenye miwani ya jua anamkatiza PC kila neno akimuuliza aghairi au aruhusu, dhihaka kwa Vista, toleo la Windows la wakati ule.
B – "I'm a PC" (Microsoft): linafunguliwa na mfanyakazi wa Microsoft aliyevishwa kama Hodgman, kisha watu wa kila aina wanatamka kwamba wao ni PC.
C – "Bean Counter" (Apple, 2008): PC anagawa fedha, fungu kubwa kwa matangazo na dogo kwa kuitengeneza Vista.
D – Lauren wa "Laptop Hunters" (Microsoft).

Yazungushie matangazo manne ya kujazia yasiyohusu kompyuta wala simu: sabuni, chai, benki, rangi ya nyumba. Mawili yatangulie na mawili yafunge mkanda. Kinachoonyeshwa mwanzo na kinachoonyeshwa mwisho hukumbukwa kuliko cha katikati, kwa hiyo mahali hapo wape wasiohusika. A na C ni sekunde 30 kila moja, B na D sekunde 60. Ukiweka ya kujazia ya sekunde 30, mkanda mzima ni dakika 5.

Gawa watu katika makundi manne ya watu wanane, na kila kundi lione mpangilio wake: la kwanza A-B-D-C, la pili B-C-A-D, la tatu C-D-B-A, la nne D-A-C-B. Mpangilio huu haukutupwa ovyo. Kila tangazo linashika kila nafasi mara moja, na kila tangazo linafuata moja kwa moja nyuma ya kila lingine mara moja tu. Hili lina uzito wa pekee kwa matangazo yanayojibizana. Mtu aliyetazama B kabla ya A anamwona mtu mwenye suti bila kujua anamwigiza nani; aliyeanza na A anapata mzaha wote. Ukiwaonyesha wote mpangilio mmoja, utakuwa umepima mpangilio wako.

Yapo mambo ya ufundi yanayopuuzwa, na ndiyo yanayoharibu kazi kimyakimya. Nakala za miaka ile zilizoko intaneti zina sauti tofauti tofauti. Zisawazishe zote kwenye programu ya kuhariri, kwa −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama unavyosikika). Usikate sekunde za mwisho hata kidogo, maana katika "Get a Mac" nembo hutokea pale mwishoni. Ukilikata tangazo linapoisha mazungumzo, umeliondoa jina la mwenye tangazo halafu utashangaa watu hawamjui. Ukitumia projekta, fifisha mwanga wa chumba: ukuta mweupe wa Apple unaonekana hata kwenye mwanga, ilhali picha za Lauren ndani ya gari na madukani zitageuka kivuli, na mtazamaji atamlaumu Microsoft kwa kosa la pazia lako.

Lugha nayo. Mzaha wa Kiingereza cha haraka humpita mtu hata kama anakisoma vizuri. Ukiamua kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, yaweke kwenye matangazo yote manane, ya kujazia yakiwemo. Jicho linalosoma halitazami uso wa mwigizaji, na mzigo huo lazima ubebwe na wote sawasawa. Kisha andaa kadi ya maneno yasiyozidi 40 ya kusomwa na kila mtu kabla ya kuanza: kwamba matangazo haya ni ya Marekani ya 2006 hadi 2009, kwamba Vista ilikuwa inaomba ruhusa mara kwa mara, na kwamba kompyuta mpakato ya Apple ya bei ya chini mwaka 2009 ilianzia dola 999. Bila kadi, aliyezaliwa 2005 hawezi kuipokea hoja ya bei kwa namna yoyote. Kampuni za kujazia zitajwe kwenye kadi pia, kwa sentensi moja, ili Apple na Microsoft wasijitokeze.

Kuwapata watu 32

Gawio muhimu kuliko umri na jinsia ni kompyuta anayotumia mtu sasa. Anayedhihakiwa na tangazo hatazami kama jirani yake. Apple wenyewe walilijua hilo kwa gharama. Januari 1984 walirusha tangazo la "1984", lililoongozwa na Ridley Scott, wakati wa Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, likasifiwa. Adui alikuwa IBM bila kutajwa jina. Mwaka uliofuata, kwenye fainali kama hiyo, walirusha "Lemmings": watu wa ofisi waliofungwa vitambaa machoni wakitembea kwa foleni na kudondoka gengeni mmoja baada ya mwingine. Waliochorwa kuwa vipofu ndio waliotakiwa kununua. Tangazo likaanguka.

Kwa hiyo lenga 16 wanaotumia Windows na 16 wanaotumia Mac. Dar es Salaam au Nairobi utahangaika kuwapata wa Mac. Watafute studio za video, wabunifu wa michoro na waandaaji wa muziki. Usijaze pengo kwa wenye iPhone. Simu ya Apple haimfanyi mtu ahisi anatetewa au anashambuliwa kwenye ugomvi wa kompyuta. Ukipata wa Mac wanane tu, wagawe wawili wawili kwenye makundi manne, ujaze waliobaki kwa watumiaji wa Windows, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Wanapokuja, waambie mnatazama "matangazo ya zamani". Zaidi ya yaliyo kwenye kadi, neno kompyuta lisitamkwe. Msimamizi asiwe na laptop yenye nembo mezani.

Siku yenyewe

Kicheko huambukiza. Mtu mmoja mwenye kicheko kikubwa anaweza kuligeuza kundi zima, kwa hiyo wakalishe mbalimbali, kila mmoja na spika zake za masikioni kama zipo, na msimamizi akae nyuma yao bila kucheka. Onyesha mkanda mara moja tu. Kisha wape kazi ya dakika 10 isiyohusiana, kama kujaza umri, makazi na vipindi wanavyotazama. Hii inafuta kilichobaki kwenye ulimi na kuacha kilichoingia kichwani.

Hapo ndipo hojaji huanza, na mfuatano wake haubadilishwi:

1. "Andika matangazo yote unayoyakumbuka, hata kama ni kipande tu." Bila orodha, bila picha.
2. "Kwa kila ulilolitaja: lilikuwa la nani?"
3. "Lilitaka uamini nini?"
4. "Ulipokuwa ukilitazama, ni nini kilikupitia kichwani?"
5. Sasa, na si kabla, onyesha picha moja ya kila tangazo, isiyo na nembo, uulize kama aliliona na lilikuwa la nani.
6. "Katika matangazo haya, yupo mtu anayefanana na wewe? Nani?"

Swali la 6 ndilo linalofumbua mengi. Kwenye "Get a Mac" Apple walimfanya PC awe mnyonge, lakini Hodgman alikuwa mchekeshaji mzuri na watazamaji wengi walimpenda yeye kuliko kijana wa Mac. Mtu akijibu "yule wa suti", usiandike ushindi wa Microsoft upesi hivyo. Rudi kwenye jibu lake la 3 uone kama aliikubali hoja. Ndivyo pia tofauti za nchi zinavyoonekana. Uingereza nafasi hizo zilichukuliwa na David Mitchell akiwa PC na Robert Webb akiwa Mac, wachekeshaji ambao watu walikuwa wamekwisha kuwazoea kwenye televisheni, na watazamaji wakaja na mapenzi yao ya zamani. Japani, ambako kumsema mpinzani hadharani huonekana ni utovu wa adabu, maneno yalilainishwa.

Kuna adabu ya kwetu pia ya kuangaliwa. Ukimuuliza mtu ana kwa ana "Umelionaje?", atasema "Zuri", kwa sababu amekaribishwa soda na si vyema kumvunja moyo mwenyeji. Jibu hilo halina taarifa yoyote. Mwache aandike mwenyewe, au muulize kwa kumzungukia: "Rafiki yako asiyelipenda angesema nini?"

Baada ya saa 24 piga simu. Maswali ni mawili tu, la 1 na la 2. Asiyepatikana kwa mara tatu aachwe nje ya hesabu ya siku ya pili. Usimhesabu kuwa amesahau.

Kuhesabu

Kosa la kawaida liko kwenye kigawanyo. Tuseme watu 20 kati ya 32 wanalikumbuka tangazo B, na 11 kati yao wanasema ni la Microsoft. Wengi wataandika 11 kwa 20, yaani asilimia 55. Mwenye kulipia tangazo anahitaji 11 kwa 32, asilimia 34, maana alilipia macho yote. Wanaobaki 9 uwagawe tena: wasiojua, na waliosema Apple. Hawa wa mwisho ni hasara maradufu, kwa kuwa tangazo lililolipiwa na huyu limemtangaza yule. B liko hatarini hasa, kwa kuwa linaanza kwa kumkumbusha mtazamaji tangazo la mpinzani. Ukitaka kuona ugonjwa huu ukiwa mbichi, jaribu pembeni tangazo la kwanza la Gates na Seinfeld: sekunde 90 katika duka la viatu, mazungumzo ya viatu, na Windows ikitokea mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Watu watakumbuka viatu.

Majibu ya swali la 4 yapange kwa alama sita: kamfurahia mwigizaji, kairudia hoja ya bidhaa, kapinga hoja ("lakini Mac ni ghali"), kahisi kuonewa, kajitaja mwenyewe, kachanganya majina. Jibu moja linaweza kubeba alama mbili. Wapangaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, waanze na majibu 20 ya mazoezi. Wakipatana chini ya asilimia 80, tatizo ni maelezo ya alama, na mara nyingi ni hizi mbili: kupinga hoja na kuhisi kuonewa. Tofauti yake ni kwamba anayepinga anataja bidhaa au bei, na anayeonewa anataja tabia ya tangazo, kama "wanadharau".

Kuhusu kushinda na kushindwa, weka mpaka kabla ya kuona matokeo. Kwa swali lolote la kuchagua upande mmoja kati ya miwili, watu 20 wakijibu, tofauti ya 14 kwa 6 bado inaweza kuwa bahati tu. Inahitaji kufika 15 kwa 5. Wakijibu 30, inahitaji 21 kwa 9. Asilimia yoyote iliyo karibu na 50 inayotoka kwa watu 32 inaweza kusogea kiasi cha pointi 17 juu au chini. Kwa pointi 10 unahitaji watu kama 100, kwa 5 unahitaji karibu 400.

Kipimo cha siku moja hakiwezi kuonyesha kitu kingine: picha ya kampuni inayosogea kwa miezi. Kwa hilo hutumika ufuatiliaji wa muda mrefu kama BrandIndex ya YouGov, ambao huuliza watu wengi kila siku na kutoa wanaosema vibaya kutoka kwa wanaosema vizuri, alama ikicheza kati ya −100 na 100. Majira ya kuchipua ya 2009, "Laptop Hunters" ikiendelea, alama ya Microsoft ya thamani kwa fedha ilipanda kwa vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 34 na ya Apple ikashuka. Wakati huo huo uchumi ulikuwa umedorora na kila mtu anahesabu dola zake. Kwa hiyo ukifuatilia hivyo, andika kando ya kila wiki bei za bidhaa zote mbili na lolote lililotokea sokoni. Juni 2009 Apple walipunguza bei za baadhi ya kompyuta zao mpakato, na Julai kiongozi mmoja wa Microsoft akaeleza hadharani kwamba wanasheria wa Apple walipiga simu kutaka matangazo yale yasimamishwe kwa sababu bei zimebadilika. Mstari unaopanda wiki ile usiuandikie tangazo peke yake.

Kwenye ripoti, tanguliza jedwali la mistari minne, moja kwa kila tangazo, lenye safu tano: waliolikumbuka siku ileile, waliotaja jina sahihi, waliotaja jina la mpinzani, walioirudia hoja, na waliotaja jina sahihi kesho yake. Watumiaji wa Windows na wa Mac wawe kwenye safu ndogo tofauti, kwa idadi ya watu na si asilimia, kwa kuwa asilimia ya watu 16 au wanane inadanganya. Chini yake bandika majibu matatu ya swali la 4 kwa kila tangazo, kama yalivyoandikwa, makosa ya tahajia yakiwemo.