Somo: Kutoa upepo kwenye lori la dizeli la zamani, na kujua unakoingilia

Wakuu, hili ni kwa wenye Isuzu, Fuso na Scania za zamani, zile za pampu ya kawaida. Lenye kompyuta usiliguse kwa njia hii, presha yake ni ya hatari.

Dalili mnazijua: asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, au gari linazima mlimani, ukipampu kwa mkono linawaka. Limekula upepo, yaani hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Kuutoa bila kuziba unakoingilia ni kujipa kazi ya kila asubuhi.

1. Osha kichwa cha filta na pampu kwa brashi na dizeli kidogo. Vumbi likiingia humo utalipia nozeli zote (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini).

2. Fungua kizibo cha chini ya filta, mwaga maji. Kama filta ni mpya, usiijaze dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati. Huo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo uchafu unaenda moja kwa moja kwenye pampu. Iache tupu, pampu ya mkono itaijaza.

3. Legeza bolti ya upepo juu ya filta, kisha pampu. Litatoka povu, litatema-tema, halafu dizeli itanyooka bila punje ya hewa. Kaza huku bado unapampu. Rudia kwenye bolti ya pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Kitufe cha pampu ya mkono ukirudishe chini na kukikaza.

4. Mara nyingi hapo linawaka. Likigoma, legeza nati za paipu mbili tatu kwenye nozeli (spana 17 au 19), mwenzako apige stata si zaidi ya sekunde 15, aipumzishe. Dizeli ikiruka, kaza. Weka uso na mikono mbali: nozeli hufunguka kwa presha inayozidi baa 100. Dizeli ikikutoboa ngozi, hata kama kidonda ni cha sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

5. Sasa saka tundu. Kati ya tanki na pampu ndogo (inayovuta dizeli kutoka tankini) mafuta yanavutwa, kwa hiyo tundu la hapo linaweza kunyonya hewa bila kudondosha dizeli. Ndiyo maana chini pakavu na gari linasumbua. Ning'iniza dumu la dizeli safi juu ya usawa wa pampu, liunge kwenye pampu ndogo, badala ya paipu ya tanki, kwa mpira unaoonyesha ndani. Injini ikitulia, ugonjwa uko upande wa tanki.

Kwa magari yanayobeba chumvi ya Uvinza, anza na paipu ya chuma kwenye chesisi, chini ya vibano. Maji ya chumvi yanakaa pale. Kwa nje rangi nzima kabisa. Ukitoa kibano, chuma kimeoza na ukucha unazama. Kisha kagua washa za shaba, zile pete bapa kwenye maungio ya paipu. Zikishakazwa mara nyingi zinakuwa ngumu: weka mpya, au zichome mpaka ziwe nyekundu, zipoe, zitalainika.

MASWALI

Kasulu: Fundi, nilifunga tyubu ya baiskeli kwenye mpasuko. Mbona tatizo limerudi?
Jibu: Tyubu ikiloa dizeli inavimba na kulegea, kaka. Nunua mpira wa dizeli na klipu mbili. Sabuni ya mche nayo ni ya kuzibia tanki linalovuja ufike nyumbani, basi. Upande wa kuvuta usiipake, itaishia kwenye filta.

Mwandiga: Utingo wangu anamwaga petroli kwenye njia ya hewa ili liwake. Ni sawa?
Jibu: Mkataze leo. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake na kuumiza pistoni, na upepo unabaki pale pale.

Ujiji: Mchana linawaka vizuri, likilala tu ni yale yale.
Jibu: Usiku mmoja liegeshe pua ikiangalia chini, tanki liwe juu kuliko pampu, uweke mawe kwenye matairi. Likiwaka mara moja asubuhi, ujue mafuta yalikuwa yanarudi tankini. Fungua pampu ndogo uangalie vivalvu na springi zake. Punje moja ya uchafu inatosha kuvizuia visifunge.