Somo: Kutunza mkusanyo wa avata bila kuziharibu

Wakuu, nimeulizwa mara nyingi avata (zile picha ndogo za profaili) ninazobadilisha kila wiki nazitoa wapi. Leo nafungua sanduku. Ninazo mia mbili na ushee, nyingi za pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 100 kwa 100, saizi ya enzi za LiveJournal, mtandao wa blogu. Kule picha haikuruhusiwa kuzidi hapo, wala faili kuvuka kilobaiti 40. Udogo huo ndio utamu wenyewe: mchoraji hana pa kufichia uzembe, pikseli moja ikikaa vibaya jicho linakuwa kengeza.

Hatua ya 1: Chukua faili lenyewe. Bonyeza picha kwa muda mrefu, uihifadhi. Usipige skrinshoti. Skrinshoti inachukua kioo cha simu yako, si avata, na ukija kuikata utapunja kingo.

Hatua ya 2: Usibadili aina ya faili. Hapa ndipo nilipolia. Nilikuwa na paka mweusi wa GIF, aina ya faili la picha inayoweza kucheza, anayepepesa macho. Nikiwa na haraka, pale intaneti kafe, nikamhifadhi kama JPG, aina nyingine ya faili la picha. JPG haijui mwendo. Paka akaganda, jicho moja limefumba nusu kama mlevi. Tena JPG hupoteza kitu kila ukiihariri na kuihifadhi upya, ndiyo maana unaona ule ukungu kuzunguka maandishi. GIF ina mwisho wa rangi 256 kwa kila picha, lakini kwa michoro midogo zinatosha na kubaki. Kama haichezi na unataka kuihariri, tumia PNG, aina ya faili isiyopoteza kitu ukihifadhi upya.

Hatua ya 3: Ipe jina linaloeleweka. Mimi naandika kilichochorwa, kisha mchoraji, kisha mwaka nilioipata. Jina la mchoraji usiliache hata kama ni lakabu tu. Baada ya miaka kumi faili lililoitwa "images(47)" ni yatima.

Hatua ya 4: Ukitaka kuikuza, kuza kwa namba nzima. 100 iwe 200, 300 au 400, si 250. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, unapobadili saizi ukifika kwenye Interpolation chagua None. Kila pikseli itageuka kuwa mraba safi. Ukiacha ilivyo, programu inachanganya rangi za majirani na mchoro unakuwa kama umelowa mvua.

Hatua ya 5: Kumbuka duara. Siku hizi karibu kila mahali picha ya profaili inakatwa duara, na pembe nne zinaondoka na zaidi ya sehemu moja ya tano ya picha. Avata za zamani zilichorwa kwa mraba, maandishi yakiwa pembeni. Iweke katikati ya mraba mkubwa zaidi wenye rangi moja, ndipo uipandishe.

Hatua ya 6: Tengeneza ya kwako. Piga picha mchoro mmoja wa korosho ulio kwenye pindo la khanga, mchana, khanga ikiwa imenyooshwa. Ikate mraba, ipunguze hadi 100. Jina la khanga liache, kwa saizi hiyo halisomeki. Ukitaka kuchora kabisa, nunua daftari la vijimraba. Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh ya 1984, alianza hivyo hivyo, akijaza vijimraba 32 kwa 32 kwa mkono.

MASWALI

*Mkuu, mimi nina simu tu. Nitaweza?*
Hatua tatu za kwanza na ya tano, bila shida. Hiyo ya kukuza subiri kompyuta ya rafiki.

*Nilimtumia dada yangu avata kwa WhatsApp, ikafika imechakaa. Kwa nini?*
Umeituma kama picha, nayo ikabanwa. Itume kama dokumenti, itafika ilivyo.

*Kaka, kutumia avata ya mtu si wizi?*
Inategemea mwenyewe alisema nini. Wengi waliruhusu kwa sharti la kutajwa, wengine walikataza kuhariri. Aliyekataza, avata yake mimi naiweka kwenye folda, siitumii. Na sura ya mtu usiyemjua usiivae kabisa, hiyo si avata tena, ni kujifanya yeye.

*Unatunza wapi? Flashi yangu iliungua na kila kitu.*
Pole sana. Sehemu mbili: kompyuta, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Avata 200 za kilobaiti 40 ni kama megabaiti 8 tu, hazimalizi bando la mtu.

*Katika zote, ipi unaipenda zaidi?*
Yule paka. Ninaye aliyeganda tu, aliye hai sijampata mpaka leo. Mwenye naye anitumie, na awe dokumenti.