Kusomea taa za jukwaani ukiwa Unguja au Pemba: uanzie wapi

Vijana huniuliza, "Fundi, chuo gani nikasomee taa?" Wanataka jina la chuo kimoja. Kazi hii hapa kwetu utaipata vipande vipande, na kinachoamua ni kipande gani umetanguliza. Tanguliza umeme. Kompyuta itakusubiri.

Hatua ya 1: Somea umeme

Nenda kituo cha mafunzo ya amali, kama cha Mwanakwerekwe kwa Unguja au Vitongoji kwa Pemba, ukaulizie ufundi umeme. Mtu asiyejua kupiga hesabu ya mzigo, yaani umeme unaoliwa na taa zote kwa pamoja, asipande ngazi. Chukua mfano: umeme wetu ni volti 230, na taa ya zamani ya jukwaani ya wati 1000 inakula zaidi kidogo ya ampea 4. Ukichomeka tatu kwenye soketi moja ya ampea 13, tayari umepita kiwango. Chomeka mbili, basi. Taa za LED zinakula kidogo sana, lakini waya wa ethi na waya wa usalama wa kuishika taa isianguke havina mjadala.

Hatua ya 2: Fundisha jicho

Hii haina ada. Usiku, zima taa za chumbani, mkalishe mdogo wako kitini, ushike taa moja mkononi. Mmulike kutoka chini ya kidevu, kisha juu ya utosi, kisha mbele pembeni, juu kiasi cha nyuzi 45. Tazama macho yanavyopotea na kurudi. Stanley McCandless, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, tangu miaka ya 1920, alijenga njia yake juu ya pembe hiyo: taa mbili kutoka mbele, kulia na kushoto, moja ya rangi ya joto na nyingine ya ubaridi, ili uso upate umbo.

Kisha nenda kwenye taarab ukatazame kazi ya wenzio. Watu wanaposimama kwenda kumtuza mwimbaji, je, pale mbele wanapomfikia pana mwanga? Mara nyingi pana giza, na migongo yao inamziba mwimbaji. Anayeijua taarab huweka taa ya pembeni kwa ajili ya dakika zile. Na usimwagie uso kijani: ngozi zetu hupauka. Rangi ya kaharabu huzipendeza.

Hatua ya 3: Ingia kazini kwa kukunja waya

Tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika Februari, tamasha la filamu la ZIFF lipo tangu 1998, na Ngome Kongwe imekuwa jukwaa la yote mawili. Nenda wiki kadhaa kabla, siyo siku ya onesho. Mwambie fundi mkuu, "Shikamoo fundi, naomba nisaidie kufunga na kufungua." Kwenye kufungua ndiko utakakojifunza zaidi, kwani wengi hukimbilia nyumbani na fundi anapata nafasi ya kukujibu. Harusi na viwanja vya Sikukuu pia ni skuli nzuri.

Hatua ya 4: Deski ya taa

Deski ni meza ya vitufe ya kuendeshea taa. Kama huna, pakua QLC+, programu ya bure inayoendesha taa kwa kompyuta ya kawaida. Jifunze DMX512, lugha ambayo deski huamrishia taa: laini moja, chaneli 512, kila taa na anwani yake, na rezista (kizuizi kidogo cha umeme) ya omu 120 mwisho wa mnyororo wa taa ili taa zisichezecheze. Mwezi wa Ramadhani, maonesho yakisimama, ndio wakati wake.

Hatua ya 5: Sasa chuo

TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na fani ya sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiko pa kuanzia kuulizia. Kabla ya kulipa, uliza: mwanafunzi anagusa deski mara ngapi? Atapewa onesho zima alibuni mwenyewe? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kwengine.

Ukiomba nje, mfano Guildhall ya London inayofundisha ufundi wa jukwaa kwa shahada, watataka kuona kazi zako. Andaa mchoro wa taa wa onesho ulilofanya, picha za jukwaa lile lile katika nyimbo tatu tofauti, na karatasi ya mpangilio inayoonesha taa ipi inawaka kwenye neno gani.