Ukuta unaobabuka rangi chini: kuutibu na kupaka chumba upya bila fundi

Nyumba nyingi za matofali ya saruji, hasa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, zina ugonjwa mmoja. Rangi inavimba na kubabuka kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti au kiuno, na ukipitisha kiganja ukutani unatoka na unga mweupe. Kila mwaka panakwanguliwa, panapakwa, na panababuka palepale. Sababu ni kwamba rangi haiwezi kuzuia maji yanayotokea ndani ya ukuta. Yanaisukuma tu mpaka iachie.

Kazi hii familia inaiweza yenyewe. Ila mjue mapema kwamba muda mwingi utaenda kwenye kutafuta maji na kusubiri ukuta ukauke. Kupaka rangi ni shughuli ya siku mbili za mwisho. Anzeni masika yakishaisha, kati ya Juni na Septemba, au mtumie Januari na Februari. Lipu inayopigwa wakati wa mvua haikauki, na mtu akishachoka kusubiri hupaka hivyohivyo.

Kwanza, maji yanatoka wapi?

Kwangua rangi kwenye sehemu yenye unyevu, kata kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50, kibandike hapo kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni uliogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta umande upande wa chumbani, tatizo ni hewa: dirisha halifunguliwi, nguo zinaanikwa ndani, au kabati limegandamizwa ukutani. Hilo la pili linatibika kwa kupitisha hewa na kusogeza kabati sm 10 kutoka ukutani, wala huhitaji kuvunja kitu.

Kama maji ni ya ukutani, soma umbo la doa. Doa linalofuata ukuta mzima kwa mstari uliolala, karibu usawa mmoja, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa lililojikusanya sehemu moja ni bomba, au ni bafu lililo upande wa pili wa ukuta. Doa chini ya dirisha linatokana na ufa kwenye kingo ya nje. La juu karibu na dari linatoka kwenye paa au gata.

Kwa bomba kuna kipimo rahisi: funga koki zote za nyumba na ile inayojaza tenki, kisha angalia mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja mahali fulani, na hakuna lipu itakayodumu mpaka lizibwe.

Kwa maji yanayopanda, toka nje ukaangalie ardhi. Nyumba iliyojengwa vizuri ina DPC, yaani tabaka la nailoni nzito au lami lililotandazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta, ili kukata njia ya maji. Udongo wa nje unatakiwa kuwa angalau sm 15 chini ya tabaka hilo. Miaka inavyopita mtu anatengeneza bustani ya maua, mwingine anamwaga kifusi, mwingine anatandika pevingi, na ardhi inapanda mpaka inavuka DPC. Maji sasa yanaingia moja kwa moja kwenye tofali. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho rahisi kutibu: jembe, koleo na toroli. Chimbeni kandokando ya ukuta mpaka udongo ushuke, hamisheni maua mbali, na kama lipu ya nje imeteremka mpaka ikaingia ardhini, ikateni kwa tindo juu kidogo ya udongo, maana lipu hiyo hupandisha maji kwa kuivuka DPC kwa nje.

Mkiwa na nafasi, mwageni zege kuzunguka nyumba, upana wa sm 60 hadi mita 1, unene sm 7 hivi, likiinamia nje kwa sm 2 kila mita. Wekeni gata kama hakuna. Maji ya paa yanayodondoka mita moja tu kutoka ukutani hurukia ukuta kila mvua inaponyesha.

Nyumba isiyo na DPC kabisa ni suala jingine. Kuna dawa ya maji inayoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa mstari mmoja chini ya ukuta, lakini kwenye tofali zenye uwazi ndani hupotea bila kufanya kazi. Hapo muiteni fundi mwenye uzoefu nayo.

Na ule unga mweupe? Ni chumvi. Maji yanaibeba kutoka ardhini au kwenye mchanga uliojengewa, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki. Mchanga wa bahari usiooshwa ndio mbaya zaidi, kwa sababu chumvi yake hufyonza unyevu wa hewani. Ukuta utalowa hata kama hakuna bomba wala mvua. Iondoe kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.

Kubandua na kukausha

Zima umeme kwenye meni swichi kabla ya kugusa ukuta kwa tindo, na usichimbe juu wala chini ya soketi na swichi, kwa kuwa nyaya kwa kawaida hupita wima hapo. Vaeni miwani, barakoa na viatu vya kufunika vidole. Watoto wapewe kazi ya kuhamisha vitu na kutandika magazeti, wakae mbali na vumbi na saruji mbichi. Saruji iliyoloa huunguza ngozi polepole, na mtu anashtukia jioni.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama pana uwazi, lipu imeshaachana na tofali. Bandua sehemu yote yenye unyevu mpaka sm 30 juu ya mstari wa juu kabisa wa doa, na mwisho wake uukate kwa mstari ulionyooka ili kiungo kisionekane baadaye. Chokonoa viungo vya matofali kina cha sm 1 hivi ili lipu mpya ipate pa kushika. Kifusi kitoke nje siku hiyohiyo, wala kisichanganywe tena kwenye lipu, kimejaa chumvi.

Sasa subirini. Kanuni ya zamani ya ujenzi inasema ukuta uliolowa hukauka kwa mwezi 1 kila sm 2.5 za unene, kwa hiyo tofali la nchi 6 lililolowa kabisa linaweza kuchukua miezi sita. Familia nyingi haziwezi kuishi hivyo nusu mwaka, lakini msikubali kupungua wiki nne hadi sita za kiangazi, madirisha wazi. Kila baada ya wiki piga brashi kavu chumvi inayojitokeza, kisha rudia kipimo cha nailoni. Kikibaki kikavu siku mbili, endeleeni.

Lipu mpya

Tumieni mchanga wa mto, uliochekechwa. Upimeni kwanza: tia mchanga nusu ya chupa ya plastiki, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, utafuteni mwingine, maana tope hufanya lipu ipasuke.

Kipimo ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga. Pimeni kwa ndoo ileile, si kwa koleo, kwa sababu koleo la mchanga mbichi na koleo la saruji havilingani. Kwa unene wa sm 1.5, kila mita moja ya mraba itakula kilo 6 hivi za saruji na pungufu kidogo ya ndoo moja ya lita 20 ya mchanga. Ukuta wa mita 4 uliobanduliwa mita 1 kwenda juu utataka kilo 24, yaani nusu mfuko. Unga wa kuzuia maji huchanganywa na saruji ikiwa bado kavu. Aina nyingi ni kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50, ila fuateni maandishi ya pakiti. Kuzidisha hakuongezi kinga, kunadhoofisha lipu.

Changanyeni kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kushika ukiongezewa maji unaonekana laini tena, lakini nguvu zimekwisha. Nyunyizia ukuta maji kidogo, usitiririke, kisha piga lipu kutoka chini kwenda juu na uivute kwa ubao mnyoofu ukiegemea lipu ya zamani. Sehemu za kina zaidi ya sm 2 zipigwe mara mbili, tabaka la kwanza likwaruzwe na kuachwa mpaka kesho yake. Acheni mwanya wa sm 1 kati ya lipu na sakafu. Skatingi, yaani ubao au vigae vya chini ya ukuta, itauficha, na maji ya kudekia hayatapanda.

Mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku 7. Halafu iacheni mpaka zitimie siku 28. Lipu mbichi ni kali; hula gundi iliyo kwenye rangi, na rangi hupauka kwa mabaka.

Ukuta uliobaki, huku mkisubiri

Siku hizo 28 zina kazi. Chora alama ya X kwa wembe kwenye rangi ya zamani, bandika tepu juu yake, ing'oe kwa nguvu. Ikitoka na rangi, kwangueni ukuta huo wote. Kisha futeni ukuta kwa kitambaa cheusi; kikitoka cheupe, chini kuna chokaa, na rangi ya maji juu ya chokaa huja kubanduka vipande vizima. Chokaa loweka kwa maji, kwangua, osha, acha ikauke.

Ukungu mweusi pakeni jiki iliyochanganywa, kipimo 1 kwa maji vipimo 4, acheni dakika 20, sugueni na kuosha. Msiichanganye kamwe na dawa ya choo, inatoa gesi inayoweza kuua.

Rangi ya mafuta ya zamani kwenye milango na madirisha inaweza kuwa na madini ya risasi. Isisuguliwe kavu. Tumieni msasa wa maji, na wajawazito na watoto wasiwepo. Dari la asbesto lisiguswe, lisikwanguliwe wala kutobolewa.

Skimu na rangi

Puti, yaani unga wa kulainisha ukuta kabla ya rangi (ndiyo skimu), ziko za aina mbili kuu. Ile ya jipsamu ni laini na inasuguka kirahisi, lakini hulainika ikipata unyevu, basi iishie juu. Sehemu ya chini iliyotibiwa ipate puti yenye saruji. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, koroga, acha dakika 10, koroga tena. Paka mikono miwili, yaani matabaka mawili, kila mmoja usiozidi milimita 1. Mfuko wa kilo 25 utatosha mita za mraba 15 hadi 20.

Sugua kwa msasa namba 120, malizia na 220. Usiku, zima taa, weka tochi ya simu ukutani ikimulika kwa ubavu. Kila bonde na mkwaruzo utatupa kivuli. Ziba, sugua, mulika tena. Rangi ya silki, ile yenye mng'ao, hasa haina huruma, inaonyesha kila kitu. Kama ukuta haujanyooka chagueni isiyong'aa.

Futeni vumbi, pakeni praima (rangi ya kutangulia) inayostahimili ukali wa saruji. Hesabu ya rangi: chumba cha mita 3.5 kwa 4, kimo mita 2.7, kina mita za mraba 40.5 za ukuta. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki 37. Lita 1 hupaka mita 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7.4. Nunueni galoni mbili za lita 4, zenye namba ileile ya toleo, mzichanganye kwenye ndoo moja ili rangi isitofautiane katikati ya ukuta. Praima hufunika kidogo zaidi ya mita 8 kwa lita, hivyo lita 5. Maji ya kuzimulia rangi yasizidi lita 1 kwa lita 10. Ikizidi, itahitaji mkono wa tatu na haitavumilia kufutwa.

Dari kwanza, kuta baadaye, milango mwisho. Mmoja atangulie na brashi ya nchi 2 kwenye kona, mwenzake afuate na rola kabla ukingo haujakauka, la sivyo utabaki mstari kama fremu. Kati ya mkono na mkono subirini saa nne, zaidi kama hewa ni nzito.

Ukuta usioshwe wiki tatu. Rangi iliyobaki iwekwe kwenye chupa ya kioo iliyojaa mpaka juu, na jina la rangi, namba yake na tarehe viandikwe ubavuni.