Jedwali moja la mwendo wa risasi kwa Kisumu, Nakuru na Eldoret: hatua kwa hatua

Kijana mmoja wa klabu yetu ya kulenga shabaha alinijia na swali ambalo wengi hulileta. Jedwali lake, yaani karatasi inayomwambia azungushe darubini ya bunduki kiasi gani kwa kila umbali, linapiga sawasawa Kisumu, lakini akienda Nakuru risasi zinapita juu ya alama. Alitaka kujua atengeneze majedwali mangapi. Nikamwambia moja linatosha, ila lisiandikwe majina ya miji. Tulikaa tukalitengeneza, na hatua zenyewe ni hizi hapa. Nazungumza na watu wenye leseni wanaolenga karatasi uwanjani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo kazi yetu ni karatasi na upepo basi.

Hatua ya 1: Zero bunduki mita 100, yaani rekebisha darubini hadi risasi ipige pale unapolenga

Andika siku hiyo joto na shinikizo la hewa. Utavihitaji.

Hatua ya 2: Pima kasi ya risasi zako mwenyewe

Usichukue kasi iliyochapishwa kwenye boksi. Hiyo ilipimwa kwa mtutu wa kiwanda, na huenda wako ni mfupi zaidi. Azima kronografu, chombo cha kupima kasi ya risasi, piga risasi 10, chukua wastani. Kisha rudia saa saba mchana kama ulianza alfajiri, maana baruti ikipata joto huwaka kwa nguvu zaidi na kasi hupanda. Usiache risasi juani ukisubiri zamu yako. Ziweke kivulini, ndani ya begi.

Programu ya kukokotoa mwendo wa risasi itakuomba namba ya BC, kipimo cha jinsi risasi inavyoipasua hewa, nayo huja kwa mizani mbili, G1 na G7. Chagua ya G7 kama risasi yako ni ndefu na imechongoka nyuma. G1 inafaa risasi fupi zenye kitako bapa.

Hatua ya 3: Shinikizo la hewa

Hapa ndipo watu wanapoangukia, na sisi wawili alasiri nzima iliishia hapa, kwa hiyo soma polepole.

Kuna namba mbili tofauti, na zote mbili huitwa shinikizo la hewa. Ya kwanza ni shinikizo halisi la pale uliposimama. Kisumu, ambako ziwa lenyewe liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, ni karibu hektopaskali 885. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni karibu 815. Eldoret, mita 2,100, hushuka hadi karibu 790. Namba ya pili ni ile ya watabiri wa hali ya hewa. Wao huisahihisha iwe kana kwamba mji uko ufuoni mwa bahari, ili Kisumu na Mombasa zilinganishwe kwenye ramani moja. Marubani wanazijua zote mbili: iliyosahihishwa wanaiita QNH, ya pale pale uwanjani QFE.

Simu ya kijana ilionyesha 1017 akiwa Nakuru. Programu yake ya mahesabu ilikuwa imejivutia namba hiyo kutoka intaneti na kuiweka kwenye nafasi ya shinikizo halisi. Kwa hiyo iliamini amesimama kando ya bahari, kwenye hewa nzito, ikampa mizunguko mingi ya darubini kuliko iliyohitajika. Kwa kaliba .308 ya kawaida, kosa hilo mita 300 ni sentimita chache tu na unaweza kusingizia mkono wako. Mita 600 linazidi sentimita 15, na hapo hakuna mkono wa kusingizia.

Kosa la pili ni kinyume chake. Unaingiza 815 yako halisi, lakini programu inasubiri namba iliyosahihishwa pamoja na mwinuko. Inapunguza tena juu ya kilichokwisha kupungua, inafika kama 650, na kukuhesabu kana kwamba unalengea miteremko ya Mlima Elgon, zaidi ya mita 3,500. Risasi zinaanguka chini ya shabaha.

Kinga ni hii. Kuanzia ufuo wa Ziwa Victoria kwenda juu, hakuna mahali ambapo shinikizo halisi linafika 900. Ukiona namba ya tarakimu nne inayoanza na 10, hiyo ni ya watabiri. Tafuta kwenye programu sehemu ya kuchagua shinikizo halisi, kisha zima kabisa kile kipengele cha kuvuta hali ya hewa kutoka mtandaoni. Kizime hata kama unakipenda.

Mimi nashikilia kipimo kidogo cha mkononi chenye barometa na kipimajoto. Simu nyingine zina barometa ndani, nazo zinafaa. Ukitaka kuijaribu yako, iangalie ukitoka Nakuru kupanda Mau Summit, kisha ukishuka kupitia Kericho hadi Ahero: inapaswa kubadilika hektopaskali 1 kwa kila mita 10 hivi. Isipocheza, haina barometa, inakusomea intaneti tu. Joto nalo lisomwe kivulini kwenye upepo. La kwenye dashibodi ya gari ni la lami.

Hatua ya 4: Geuza kila kitu kiwe kimo cha hewa

Risasi haijui jina la mji, inajua uzito wa hewa inayoipasua. Kimo cha hewa ni namba moja inayobeba mwinuko na joto pamoja; ikiwa kubwa, hewa ni nyepesi. Programu nzuri hukupa moja kwa moja, lakini jifunze kwa kalamu:

Joto la kawaida la mahali ni 15 ukitoa 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Chukua joto ulilopima, toa hilo la kawaida, zidisha kwa 36, ongeza kwenye mwinuko.

Kisumu mchana, nyuzi 30: joto la kawaida ni kama 7.6, tofauti ni 22.4, mara 36 ni 806. Jumla ni karibu mita 1,940. Nakuru mchana, nyuzi 27, inatoka karibu 2,700. Nakuru alfajiri, nyuzi 15, ni karibu 2,280. Eldoret alfajiri, nyuzi 10, ni kama 2,400.

Tazama hizo mbili za mwisho ukizilinganisha na Nakuru mchana. Eldoret asubuhi ina hewa nzito kuliko Nakuru saa saba, ingawa iko juu zaidi. Na Nakuru yenyewe, kati ya alfajiri na mchana, inatofautiana zaidi ya mita 400 bila wewe kusogea hatua. Ndiyo maana nilikataa majedwali ya miji.

Hatua ya 5: Chora jedwali

Safu za kushuka ni umbali, kila mita 50 kuanzia 200. Safu za kando ni kimo cha hewa: 1,500, 2,000, 2,500 na 3,000. Hizo zinafunika miji yetu mitatu. Anayetarajia kusafiri aongeze safu ya 0. Uwanja wa Barry Buddon, Scotland, ulikolengwa shabaha za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2014, uko pwani kabisa, na mtu aliyezoea Nakuru atapiga chini huko.

Tumia miliradiani (mili), kipimo cha pembe kwenye darubini, pamoja na mita. Mili 1 ni sentimita 10 kwa mita 100, basi hesabu inafanyika kichwani. Dakika za nyuzi (MOA), kile kipimo kingine cha pembe, pamoja na yadi ni mateso ya bure. Andika kwenye karatasi, ifunike plastiki. Simu hufa betri, na juani kioo hakisomeki.

Hatua ya 6: Unyevu na upepo

Unyevu uache. Wengi Kisumu husema hewa ya ziwa ni nzito kwa sababu ina maji, lakini mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na athari yake kwa risasi haifiki hata asilimia 1. Upepo ndio wa kuuogopa: mchana unavuma kutoka ziwani kwenda bara, usiku unageuka. Weka safu yake, mita 4 kwa sekunde kutoka ubavuni, kisha gawanya au zidisha kulingana na upepo wa siku hiyo.

Hatua ya 7: Hakikisha uwanjani

Piga mita 600, au mbali kadiri uwanja unavyoruhusu. Risasi zikitofautiana na jedwali, rekebisha kasi kidogo kwenye programu, usiguse BC. Kisha chapisha upya, na nyuma ya karatasi andika kasi, aina ya risasi na joto la siku uliyoipima kasi hiyo. Ukibadilisha boksi la risasi, rudi hatua ya 2.